Trela Mbili za Chome

Ekseli ilikatika Jumanne asubuhi, maji yamejaa, boti i juu ya trela na wageni wanne wamesimama kando na miwani yao ya kuzamia mkononi. Haikukatika kwa kishindo. Ililia kidogo, ikainama upande mmoja, na boti ya Bi Mwanapili ikalala ubavu juu ya mteremko wa saruji. Ndambuki, fundi wake, alishuka kwenye Landrova aliyokuwa akiirudisha nyuma, akachutama, akatia kidole pale palipokatika. Kidole kilitoka chekundu. Kutu ilikuwa imekula chuma kikabaki ganda tu.

"Si niliwaambia?" alisema, akiwaonyesha watu kile kidole. "Chome alituuzia rangi akaiita zinki."

Wageni hawakumjua Chome wala zinki, wakapelekwa kunywa chai. Lakini wenye boti wengine wa pale Diani walitikisa vichwa, maana hadithi hiyo walikuwa wameisikia mwaka mzima. Ndambuki alikuwa ameisimulia ufuoni, ameisimulia kwa kinyozi, ameisimulia hata kanisani baada ya ibada, na kila alipoisimulia aliitia chumvi kidogo. Mwishowe ilikuwa kwamba Chome, fundi wa Msambweni, huchukua chuma kibovu, hukipaka rangi ya fedha, halafu huapa kwamba kimechovywa Mombasa ndani ya zinki, ile inayozuia kutu.

Na watu walimwamini, kwa sababu Ndambuki alikuwa mtu wa trela. Si za boti, za malori. Alizaliwa Taru, na miaka kumi na minane aliimaliza pale Samburu, kwenye barabara kuu ya Nairobi, akilala chali chini ya malori na grisi ikimdondokea kifuani. Huko mvua husikiwa redioni. Chuma hufa kwa ajali au kwa uzee, kutu ni habari ya mbali. Mwaka wa tisini na sita Landrova ya Bi Mwanapili ilizimika mbele ya kibanda chake, akaifufua kwa waya na kipande cha ngozi, na yule mama akamwambia hapo hapo kwamba ana vijumba sita vya wageni Diani na boti moja, na anataka mtu anayesikilizana na vyuma. Ndambuki akalifunga sanduku lake la spana, akateremka pwani na mkewe Kavata na watoto watatu. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumfundisha jambo lolote lenye magurudumu. Mtu akijaribu, humkatiza katikati na kumwambia, "Hilo nalielewa."

Trela yenyewe ilikuja mwanzoni mwa mwaka wa tisini na saba. Bi Mwanapili aliiagiza kwa Chome, na Ndambuki ndiye aliyekwenda Msambweni kuichukua, ikiwa ya kijivu na inang'aa hata ndani ya mabomba yake. Mwaka haukuisha, madoa mekundu yakachomoza kwenye maungio. Mwaka wa pili springi zikaanza kubanduka maganda. Chome aliposikia alikuja mwenyewe hadi langoni kuitazama, lakini Ndambuki alikuwa ameshasema ya kusema, na Bi Mwanapili akamtuma mtu kumwambia fundi kwamba hana haja naye tena. Tangu hapo hakuna boti ya Diani iliyopelekwa Msambweni kutengenezewa chochote.

Msidhani Ndambuki alikuwa mvivu. Siku ya kuichukua trela, Chome alimwambia, "Kila ikitoka baharini, ioshe kwa maji baridi, isilale na chumvi," na Ndambuki aliyashika maneno hayo kama sheria ya gereji. Pale mteremkoni palikuwa na mfereji, lakini bomba lake lilipita juu ya mchanga mtupu, na kufika saa nne maji yake yangeweza kuivisha yai. Ndambuki hakuyagusa. Alikwenda hatua sitini hadi kisima cha zamani chini ya mivinje, ambacho watu walinawia miguu tu wakitoka kuogelea, akateka ndoo nane za maji yanayotia ganzi vidole, akaimwagia trela yake. Mwezi wa Januari, jua likiwa kali hata kivulini, alikwenda jikoni kuomba barafu akaitia ndoo kwa ndoo. Mpishi alimcheka. Ndambuki akamweleza kwamba chuma kikipata moto hupanuka, na kikipanuka hufungua vinyweleo, na hapo ndipo kutu inapoingia. Mpishi alirudi kwenye sufuria zake, maana mtu akieleza jambo kwa uhakika namna ile unamwachia.

Alasiri ya siku ile ya kukatika ekseli, Bi Mwanapili alimwita barazani kwake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, asiyepandisha sauti, na hiyo ndiyo iliyomtia Ndambuki wasiwasi zaidi.

"Mimi chuma sikijui," alisema. "Wewe unakijua. Nenda katafute trela nyingine isiyoliwa na kutu, uchague wewe, nami sitakuuliza swali. Lakini hiyo nayo ikioza, Ndambuki, boti nitaiuza nipumzike. Na boti ikiondoka, mimi sina kazi nyingine ya kukupa."

Ndambuki aliitikia, akashukuru, akatoka. Njiani kuelekea Ukunda, alikopanga vyumba viwili, alijiona amelala tena chini ya lori pale Samburu, miaka arobaini na sita kichwani na kiuno kisichokunjuka. Watoto walikuwa wamezoea shule. Kavata alikuwa na meza yake ya nyanya sokoni, na wateja wake. Aliogopa, na hakumwambia mtu kwamba anaogopa.

Juma lile alizitafuta trela kama mtu anayetafuta mke wa pili huku wa kwanza anamtazama. Ya kwanza ilikuwa Ukunda, kwenye uwanja wa muuza vyuma, ya buluu inayometa. Aliigonga kwa spana, akasikiliza. Akachukua kipande cha waya, akakisokomeza ndani ya bomba la upande na kukizungusha, na waya ukatoka na unga mwekundu. Muuzaji akasema hilo si kitu, itapigwa rangi nyingine. Ndambuki akamwuliza kama ndani ya bomba nako atapiga rangi, na atapitisha wapi mkono. Wakaachana kwa heshima.

Ya pili ilikuwa ya alumini, kwenye nyumba ya Mzungu aliyekuwa akifunga mizigo arudi kwao, kwani tangu zile fujo za mwaka wa tisini na saba, watu wa bara waliposhambuliwa pwani, wageni walikuwa wamepungua na wengi waliuza vitu. Ilikuwa nyepesi hata mtu mmoja aliweza kuisukuma. Ndambuki aliipenda pale pale. Alumini haishiki kutu, nani asiyejua, hata sufuria zinashuhudia. Alikuwa ameshafungua kinywa aseme anaichukua alipoona unga mweupe umezunguka boliti za chuma zilizoshika ekseli. Akaijaribu moja kwa vidole. Boliti ilizunguka bila ubishi, ikatoka pamoja na alumini iliyoizunguka. Metali mbili zilizofungwa pamoja zimekaa ndani ya maji ya bahari zikilana, na alumini ndiyo iliyoliwa. Akairudisha boliti mahali pake taratibu, akaaga.

Alhamisi mtu mmoja ufuoni alimwambia kwamba Msambweni kuna bwana anayeitwa Mwero, anayewapeleka wageni kutazama kasa, na trela yake huingia baharini kila siku ya Mungu na haina doa. Akaitazame, halafu aulize inakotoka. Ndambuki hakupenda jina la Msambweni, lakini alikwenda.

Mwero alikuwa rika lake, mtu wa maneno machache na kicheko cha karibu. Alimkaribisha, wakajuliana hali ya nyumbani na ya kazi, kisha akamwachia trela aitazame apendavyo. Ndambuki alivua shati akaingia chini yake, akalala chali kama zamani. Ilikuwa ya kijivu kilichofifia, rangi ya paa la bati lililokaa miaka. Alipapasa maungio. Alitia kidole kwenye tundu la chini la bomba, mahali ambapo maji hutokea, akakipeleka ndani kadiri kilivyofika. Kilitoka na mchanga tu. Palipochomelewa palikuwa na zinki juu yake, maana yake iliungwa kwanza, halafu ikachovywa nzima nzima. Ndivyo inavyotakiwa. Kwa mara ya kwanza juma lile moyo wake ulitulia. Alikuwa ameipata.

Aliuliza akiwa bado chini ni ya mwaka gani. Mwero akamwambia ni ya tisini na saba, mwezi wa pili.

"Na fundi?"

"Kwani Msambweni tuna fundi mwingine? Chome."

Ndambuki alitoka chini ya trela polepole. Mwero, ambaye hakujua anaongea na nani hasa, akaendelea kusimulia kwa furaha. Zilikuwa mbili, ndugu pacha. Ziliundwa kwa chuma kimoja, zikapakiwa lori moja hadi Mombasa, zikachovywa siku moja, na yeye mwenyewe alikuwako akizitazama zikishushwa kwa minyororo ndani ya zinki iliyoyeyuka. Moja aliichukua yeye. Ya pili ilikwenda kwa mama mmoja wa Diani.

Jambo la kwanza lililomjia Ndambuki halikuwa zuri, nami silifichi. Alifikiri kwamba Chome alimpa mtu wa pwani mwenzake iliyo nzima na mbara akapewa mbovu. Lakini macho yake ya fundi yalimkatalia. Mkono ulikuwa mmoja. Hata kosa dogo lililokuwa kwenye trela yake, tundu moja lililotobolewa upande kidogo likazibwa na kutobolewa upya, lilikuwa hapa pia, mahali pale pale.

"Unaiosha?" aliuliza.

"Kila ikitoka majini."

"Kwa maji gani?"

"Maji baridi."

"Hata mimi," alisema Ndambuki. "Maji baridi, kila siku, sijakosa hata moja."

Mwero akasema basi hilo ni ajabu, na kwa kuwa boti ilikuwa imerudi muda si mrefu na trela bado ina chumvi, akaomba radhi aimalize kazi yake huku wakizungumza. Ilikuwa yapata saa nane. Pembeni mwa nyumba, juani, palikuwa na pipa jeusi lililojazwa asubuhi kwa mpira kutoka mferejini. Mwero akachota ndoo, akairusha juu ya springi, na maji yakaruka yakampata Ndambuki mguuni. Aliruka nyuma.

"Hayo ya moto hayo," alisema.

"Ya moto, ndiyo. Yamekaa juani tangu asubuhi." Mwero akachota nyingine. "Lakini ni baridi."

Ndambuki alidhani amesikia vibaya. Akauliza ni maji gani yaliyo ya moto na hapo hapo yakawa baridi. Mwero akacheka akidhani ni mzaha wa bara, kisha akaona mwenzake hacheki. Akachovya kopo ndani ya pipa akampa.

"Onja. Si ya chumvi. Maji ya kunywa, maji ya mvua, maji ya mto, yote sisi twayaita maji baridi, hata yakiwa jikoni yanachemka. Ninyi huko kwenu mwayaitaje?"

Maji yalikuwa ya moto, na hayakuwa na chumvi hata chembe.

"Matamu," alisema Ndambuki. "Twayaita matamu."

Alikaa juu ya gurudumu. Hakuna aliyehitaji kumweleza lililobaki. Kisima cha chini ya mivinje kilikuwa hatua chache kutoka baharini. Aliwahi kunawa uso pale akaonja chumvi midomoni mwake, akajiambia ni jasho. Aliwahi kuona sabuni inakataa kutoa povu. Na mfereji wa maji matamu ulikuwa pale mteremkoni, karibu na gurudumu la trela, akaupita kila siku kwa miaka miwili kwa sababu maji yake yana joto, akaenda kuteka chumvi ya kisima, akaipoza kwa barafu, akaimwagia chuma cha watu. Bahari ilikuwa inaiosha trela mara moja kwa siku, naye anaiosha mara ya pili.

Mwero alicheka sana aliposikia habari ya barafu, mpaka alipoutazama uso wa mgeni wake. Akaacha. Akasema kwa upole kwamba kumbe Chome hana kosa. Ndambuki akajibu kwamba hana. Mwero akamwuliza maneno yale aliyasema kwa nani na nani, maana yeye pia yalimfikia hapo Msambweni.

"Kwa wote," alisema Ndambuki.

Jioni alimweleza Kavata wakiwa mezani, watoto wakiwa wametoka nje. Kavata naye alianza kwa kucheka, kwani alikuwa amemwona mumewe akirudi na mikono iliyokufa ganzi akajivuna nayo. Kisha akauona ule upande mwingine na akaweka kijiko chini. Alimshauri kama mke anavyomshauri mume. Aagize trela mpya, aioshe kwa mfereji, anyamaze. Mwero si mtu wa kupita na maneno. Bi Mwanapili alisema hatauliza swali, basi asijibu asichoulizwa. Akienda kumwambia kwamba aliyeiua trela ya kwanza ni yule yule anayekabidhiwa ya pili, ni kujifukuza kazi kwa kinywa chake mwenyewe.

Ndambuki alimwona ana haki. Alipokwenda Msambweni Ijumaa asubuhi alikuwa amekata shauri kwamba atamtafuta Chome, ataagiza trela, atakuwa na adabu kuliko kawaida, na basi. Aliona aibu, lakini aibu ni jambo la mtu na nafsi yake. Hofu ya kurudi Samburu ilikuwa ya watu watano.

Chome alikuwa na karakana yake nyuma ya soko, chini ya paa la makuti. Palipokuwa zamani na fremu za trela na nanga, sasa palikuwa na vitanda vya chuma na vyuma vya madirisha. Mzee mwenyewe alikuwa amechutama akipiga msasa mguu wa kitanda. Aliinua macho, akamtambua, akasimama.

"Shikamoo, mzee," alisema Ndambuki.

"Marahaba. Karibu, karibu ukae."

Hakumnunia. Ndambuki alikuwa amejiandaa kwa uso wa kununa, huo angeuweza. Chome akamletea kigoda, akauliza habari za Bi Mwanapili, kisha Ndambuki akasema alilolijia, kwamba wanataka trela, kama ile ya kwanza.

Chome aliweka msasa chini. Aliingia nyuma akarudi na kamba ndefu iliyofungwa vipande vya chuma, kila kimoja urefu wa kiganja, kila kimoja kimeandikwa alama kwa patasi. Akaviweka miguuni pa Ndambuki kimoja baada ya kimoja.

"Nilipofukuzwa pale langoni nilirudi nikakata hivi," alisema. "Chuma kile kile. Hiki nilikikata kwenye kipande kilichosalia, kilichochovywa Mombasa pamoja na trela zenu. Hiki nilikisafisha kwa tindikali muda mrefu zaidi kabla ya kuchovya, hiki muda mfupi zaidi. Navitundika baharini kwenye nguzo, kila juma naenda kuvitazama. Mwaka mzima sasa. Havijaoza, bwana Ndambuki. Nami nashindwa kulala, kwa kuwa yenu imeoza. Trela nyingine siwezi kukuundia mpaka nijue mkono wangu ulikosea wapi. Wewe ni mtu wa vyuma. Niambie ilianzia wapi, hata kama utanitukana, nitashukuru."

Ndambuki aliviangalia vile vipande. Kule Samburu alikuwa amewaona mafundi wakisingiziwa wakapiga kelele, wengine wakashika nyundo. Hakuwahi kumwona fundi aliyesingiziwa akakaa mwaka mzima akijitafutia kosa. Shauri lote alilokuja nalo likamponyoka.

"Si mkono wako," alisema. "Ni wangu."

Akamweleza yote. Kisima, mfereji, ndoo nane, barafu. Hakupunguza. Chome alisikiliza kichwa amekiinamisha, na Ndambuki alipofika kwenye ile habari ya maji ya moto yaliyo baridi, mzee alifumba macho kidogo.

"Kwa hiyo si mkono wangu," alisema.

"Si wako, mzee. Nisamehe."

Chome alikusanya vipande vyake akaviviringisha kamba, polepole, kila kimoja mahali pake. Kisha akasema jambo ambalo Ndambuki hakulitarajia. Alisema kwamba siku ile langoni, kwa kuwa zile fujo zilikuwa bado hazijasahaulika, alidhani ni yale mambo ya bara na pwani. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba wabara hawatupendi. Ndambuki akakiri kwamba naye alisema hayo hayo kwa upande wake, kwamba mbara kauziwa rangi na watu wa pwani.

"Mimi umeniambia, nimesikia," alisema Chome mwishowe. "Lakini mimi siye niliyedanganywa. Hao wa Diani ndio wasiojua. Kawaambie kwanza, halafu ndio tuzungumze habari ya trela."

Jumamosi asubuhi, wenye boti wakiwa wamekusanyika mteremkoni kungoja maji yajae, na Bi Mwanapili ameteremka kuwaaga wageni wake, Ndambuki alisimama akasema. Alijikaza kisabuni. Alianza na Chome, akamalizia na barafu. Kicheko kilichopigwa pale kilisikika hadi jikoni, na mpishi akatoka mbio kuulizia, akaelezwa, akakaa chini kabisa. Kabla ya maji kujaa walikuwa wameshamwita Bwana Barafu. Ndambuki aliwaacha wacheke. Alikuwa akimtazama mtu mmoja tu, na huyo hakucheka.

Bi Mwanapili alimwita kando.

"Ungenyamaza nisingejua," alisema.

"Ndiyo, Bi."

"Kwa nini umesema?"

Ndambuki alijaribu kumweleza vile vipande vya chuma kwenye kamba na hakuweza kuvieleza vizuri. Alisema tu kwamba mzee wa watu amekosa usingizi. Yule mama akamwambia kwamba wakati ule langoni yeye hakutoka hata kwenda kumwona Chome, alituma mtu, na hilo la kutuma mtu halikufanywa na Ndambuki.

"Landrova ina mafuta?" aliuliza.

"Inayo."

"Basi kesho kutwa tutakwenda wote wawili. Wewe utaendesha. Na boti siiuzi."

Ndambuki alishukuru, akaenda kupima mafuta ya Landrova, ingawa aliyajua.

Walifika Msambweni Jumatatu. Bi Mwanapili alimwomba Chome radhi kwa Kidigo, lugha ya kwao wote wawili, taratibu, Ndambuki akiwa amesimama nyuma anatazama viatu vyake, na mzee akamkaribisha kahawa. Baada ya hapo ikawa kazi. Chome alitoa kalamu ya chaki, akachora sakafuni, akasema safari hii matundu ya kutolea maji atayafanya makubwa zaidi na boliti zote zitachovywa pamoja na fremu. Ndambuki alitaka kumwongezea maarifa ya ekseli, akafungua kinywa, akakifunga.

Walipokuwa wanaaga, Chome alimshika mkono.

"Ikitoka baharini, kila siku, ioshe kwa maji ambayo ungempa mwanao anywe. Yawe ya moto, yawe ya barafu, mimi sijali. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mzee."

"Hata siku ile uliniambia umeelewa," alisema Chome, bila ukali.

Ndambuki alisimama pale mlangoni, funguo za Landrova mkononi. Kisha akarudi ndani, akavuta kigoda akakaa, akamwomba mzee amweleze tena, tangu mwanzo, polepole.